Jina moja, kadi mbili: Kabla hujavusha mzigo wa kadi za grafiki

KATIKA maduka ya kompyuta ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, au ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, mteja wa kadi ya grafiki huuliza mambo mawili: ni namba gani, na ina GB ngapi. Akishajibiwa, huanza kupatana bei. Ndivyo watu wanavyonunua flashi, na kwa flashi hakuna ubaya. Kwa kadi ya grafiki, majibu hayo mawili yanaweza kuwa ya kweli kabisa na bado mnunuzi akaondoka na nusu ya mzigo alioulipia.

Mteja wa mjini akigundua, kesho yake anarudi dukani kugombana. Aliyenunua kadi kumi na kuzifikisha Bujumbura, Goma au Juba hana pa kurudi. Nauli imeshaliwa, ushuru umeshalipwa, na wateja wake wanataka fedha zao. Kwa hiyo anayevuka mpaka analazimika kujua zaidi ya anachojua muuzaji wa rejareja, na bahati nzuri mambo yenyewe si mengi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni kadi ndogo ya kampuni ya Nvidia iitwayo GT 1030. Ilitoka mwaka 2017 ikiwa na GB 2 za memori ya aina ya GDDR5. Mwaka 2018 ikatoka nyingine, jina lilelile GT 1030, GB 2 zilezile, lakini memori yake ni DDR4. Kadi ya kwanza hupitisha GB 48 za data kwa sekunde kati ya chipu na memori. Ya pili hupitisha kama GB 17 tu. Katika michezo mingi ya kompyuta iliyopimwa, ya pili ilitoa karibu nusu ya picha za ile ya kwanza. Boksi ni la kampuni halali, risiti ni halali, na hakuna mtu wa kushtakiwa. Tofauti yote imeandikwa kwa herufi ndogo ubavuni mwa boksi.

Hiyo haikuwa ajali ya mara moja. GTX 1060 ya mwaka 2016 ilitoka ya GB 6 na ya GB 3. Wengi walidhani tofauti ni memori peke yake, kumbe ya GB 6 ina viini 1,280 na ya GB 3 ina 1,152. Viini ni vile vijisehemu vya chipu vinavyofanya hesabu za picha, kwa hiyo aliyechukua ya GB 3 alipunjwa mara mbili. RTX 3060 ya mwaka 2021 ina GB 12 na hupitisha GB 360 kwa sekunde. Mwaka 2022 ikaja RTX 3060 ya GB 8 inayopitisha GB 240. Kwa upande wa AMD, RX 580 halisi ina viini 2,304, lakini ipo nyingine iliyotengenezewa soko la China, ambayo huandikwa RX 580 2048SP. Hizo herufi na tarakimu za mwisho ndizo zinazosema ukweli: ina viini 2,048, sawa na RX 570. Kadi za namna hiyo zimesambaa sana katika masoko ya mitumba, na muuzaji akizitaja hukatisha jina akaishia kwenye 580.

Mara moja tu wanunuzi walipiga kelele na kusikilizwa. Septemba 2022 Nvidia ilitangaza kadi mbili kwa jina moja la RTX 4080, ya GB 16 kwa dola 1,199 na ya GB 12 kwa dola 899. Ya GB 12 ilikuwa na viini 7,680 na ya GB 16 ilikuwa na 9,728, yaani zilikuwa chipu mbili tofauti. Waandishi wa habari za teknolojia na wachezaji walikuja juu, na mwezi uliofuata kampuni ikaifuta ile ndogo. Januari 2023 ilirudi sokoni kwa jina la RTX 4070 Ti, kwa dola 799. Jina tu ndilo lililobadilika, na bei ikashuka dola 100. Kwa mfanyabiashara, hiyo ni hesabu nzuri ya kuonyesha jina lina thamani gani kwa muuzaji.

Sasa, ukiacha jina, kitu gani kitazamwe?

Memori ya kadi ichukuliwe kama ghala. GB ni ukubwa wa ghala, na watu wengi huishia hapo. Lakini ghala lina mlango, na upana wa mlango huandikwa kwa biti: 64, 96, 128, 192, 256. Tena kuna mwendo wa wapagazi wanaoingia na kutoka, ambao hutegemea aina ya memori: DDR4 hutembea, GDDR5 hukimbia, GDDR6 hukimbia zaidi. Zidisha upana kwa mwendo, gawanya kwa 8, utapata GB zinazopita kwa sekunde. RTX 3060 ya GB 12 ina upana wa biti 192 na mwendo wa 15. 192 mara 15 ni 2,880, gawanya kwa 8 unapata 360. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kufanya hesabu hiyo akiwa amesimama kaunta. Kadi yenye ghala kubwa na mlango mwembamba ni kadi ya kuuzia watu wasiojua, na viwanda huzitengeneza kwa sababu wasiojua ni wengi.

Viini navyo vihesabiwe, ila kwa tahadhari. Viini hulinganishwa ndani ya ukoo mmoja tu. RTX 3060 ina viini 3,584, na RTX 4060 iliyotoka mwaka 2023 ina 3,072. Ukitazama namba utasema ya zamani ina nguvu zaidi, lakini katika michezo mingi 4060 huenda mbele, kwa sababu kiini chake kipya hufanya kazi kwa kasi kubwa zaidi, na chipu ina hifadhi kubwa ya ndani inayopunguza safari za kwenda ghalani. Tena hula wati 115 wakati ile ya zamani hula 170. Kulinganisha viini vya Nvidia na vya AMD ndiyo kupoteza muda kabisa, maana kila kampuni hujenga na kuhesabu kwa namna yake.

Hata hivyo 3060 haijafa sokoni, na sababu ni ghala lake. Ina GB 12, na 4060 ina GB 8. Studio inayohariri video kubwa, mchora majengo anayetoa picha za nyumba kabla haijajengwa, au kijana anayeendesha programu za akili mnemba kwenye kompyuta yake mwenyewe, wote hao kazi ikizidi GB 8 hukwama au huburuza. Kwao kadi ya zamani ni bora kuliko mpya. Kwa ukumbi wa michezo ambao bili ya umeme ndiyo inayomkosesha mwenyewe usingizi, 4060 ni bora. Mfanyabiashara anayeuliza mteja wake anafanyia nini kompyuta kabla hajaagiza hubakiwa na mzigo mchache kuliko anayeagiza kwa kusikia jina linalovuma.

Kipimo cha mwisho kwa wachezaji ni idadi ya picha zinazotolewa kwa sekunde. Wakaguzi hupima kadi kwa mchezo uleule na kwa skrini ya ukubwa uleule, kisha huchapa wastani. Wastani huo ni mzuri kwa kulinganisha: bei gawanya kwa picha, ukapata kila picha inagharimu kiasi gani. Kadi ya dola 200 inayotoa picha 50 ni dola 4 kwa picha. Ya dola 270 inayotoa 90 ni dola 3, na ndiyo rahisi ingawa bei yake ni kubwa. Ila wakaguzi hao hutumia prosesa za bei mbaya ili kadi isizuiwe na chochote. Kadi hiyohiyo ikiingizwa kwenye kompyuta ya miaka minane iliyopita, prosesa huchoka kabla ya kadi, na mteja hulalamika kwamba kauziwa feki.

Hapo ndipo soko la ukanda huu linapotofautiana na la wakaguzi wa Ulaya na Marekani. Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa katika miji ya Afrika Mashariki ni mitumba ya maofisini, za Dell, HP na Lenovo. Ni mashine imara, lakini hazikutengenezwa kwa ajili ya kadi kubwa. Pawa saplai yake mara nyingi ni ya wati 180 hadi 300, na haina zile nyaya za ziada za kulishia kadi. Tundu la kadi kwenye ubao mkuu hutoa wati 75 na si zaidi. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo ina soketi ya pini 6, inayoongeza wati 75, au ya pini 8, inayoongeza 150. Bila waya huo kadi haiwaki kabisa.

Mafundi wana dawa yao: huchukua waya wa umeme wa hard diski na kuugeuza kwa adapta kuwa wa pini 6. Soketi ya hard diski ya SATA imetengenezwa kupitisha kama wati 54 kwenye volti 12. Kuivutisha 75 ni kutafuta plastiki kuyeyuka, na plastiki huyeyuka mteja akiwa katikati ya kazi wala si siku ya kujaribu dukani.

Kwa hiyo kadi yenye soko la uhakika katika miji ya mpakani ni ile inayoishi kwa wati 75 za tundu lake. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, yenye GB 4, ni mojawapo. GTX 1650 ya mwaka 2019 humzidi ndugu yake huyo, lakini nayo ina majina ndani ya jina: ya kwanza ilikuwa na memori ya GDDR5 inayopitisha GB 128 kwa sekunde, na mwaka 2020 ikatoka ya GDDR6 inayopitisha 192. Tena baadhi ya viwanda viliiwekea soketi ya pini 6, hivyo lazima itazamwe kwa macho. RTX 3050 nayo ni kichekesho cha aina yake. Ya mwaka 2022 ina GB 8, viini 2,560, na hula wati 130. Februari 2024 ikaja nyingine ya GB 6 yenye viini 2,304 na mlango wa biti 96, na wakaguzi wakaiponda kwa kutumia jina lisilo lake. Kuiponda kulikuwa haki. Lakini hiyo dhaifu hula wati 70, nyingi hazihitaji waya wowote, na kwenye mashine ya mtumba huchomekwa ikawaka. Kadi iliyotukanwa kwingine ndiyo inayofaa Kigoma na Kasese.

Urefu nao upimwe. Zile kompyuta nyembamba za ofisini hupokea kadi za kimo kifupi tu, zenye bamba nusu. Kadi nzuri isiyoingia kwenye kasha ni hasara kamili.

Kuna mitego miwili mingine ya mashine za zamani. RX 6500 XT ya AMD, iliyotoka Januari 2022, huzungumza na ubao mkuu kwa njia nne tu badala ya nane au 16. Kwenye ubao mpya njia hizo ni za kasi na hazisumbui sana; kwenye ubao wa kizazi cha tatu cha PCIe, ambao ndio ulio katika mitumba mingi, kadi hupoteza nguvu waziwazi. Isitoshe haina kifaa cha kurekodi na kubana video, kwa hiyo wanaorusha michezo mubashara wasiuziwe. Kadi za Arc za Intel nazo, zilizoanza kuuzwa mwaka 2022, zina bei nzuri na memori ya kutosha, lakini hutegemea uwezo fulani wa ubao uitwao Resizable BAR ambao mashine nyingi za zamani hazina. Bila huo hushuka sana. Zinafaa kwa anayejenga kompyuta mpya.

Baada ya hapo kuna kadi zilizochoka. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa sarafu ya Ethereum uliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, na duniani kote wachimbaji wakajikuta na marundo ya kadi zisizo na kazi. Nyingi ziliingia kwenye mitumba. Kadi ya mgodini si lazima iwe mbovu, maana chipu yenyewe huvumilia. Kinachokufa kwanza ni feni, kisha vile vitambaa vya kupitishia joto vinavyofunika memori. Kwenye RX 570 na 580 wachimbaji walizoea kubadilisha programu ya ndani ya kadi ili memori iende wanavyotaka wao. Kadi kama hiyo huonyesha picha vizuri kwenye eneokazi, lakini mchezo ukianza hujizima. Na kuna P106-100, ndugu wa GTX 1060 aliyetengenezwa kwa ajili ya migodi tu, na kwa hiyo hana tundu la kuchomeka skrini. Bei yake huvutia sana kwa asiyeigeuza kutazama upande wa nyuma.

Za bandia kabisa ni habari nyingine. Njia yao ni moja: chipu ya zamani, kama GTS 450 ya mwaka 2010, huandikiwa programu mpya ya ndani ili ijitambulishe kwa Windows kama GTX 1050 Ti. Windows huamini. Ishara ya kwanza ipo nyuma ya kadi: chipu ya 1050 Ti haitoi picha ya analogi, hivyo kadi inayojiita 1050 Ti na ina tundu la bluu la VGA ni ya kutiliwa shaka pale pale. Ishara ya pili ni programu ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo husoma chipu yenyewe badala ya jina lililobandikwa, na kwa nyingi za bandia huweka neno FAKE mbele ya jina. Programu hiyohiyo huonyesha idadi ya viini, aina ya memori na upana wa mlango, yaani yote yaliyozungumzwa hapo juu, kwenye dirisha moja. Ikae kwenye flashi ya kila anayenunua mzigo.

Baada ya kusoma, kadi ichoshwe. FurMark au mchezo mzito kwa dakika 20 hutosha. Madoa, mistari ya rangi, skrini kuzimika, au joto kupanda bila kusimama hadi juu ya nyuzi 85, ni sababu ya kuiacha. Muuzaji anayekataa kadi ijaribiwe kwa dakika 20 amekwishajibu swali. Kwa mzigo wa kadi kumi zijaribiwe zote kumi, maana katika mitumba kadi mbili zilizokaa boksi moja zinaweza kuwa zimetoka migodi miwili.

Laptopu zina udanganyifu wa halali unaostahili sentensi chache. RTX 4090 ya mezani ina viini 16,384 na GB 24. RTX 4090 ya laptopu ina viini 9,728 na GB 16. Na RTX 4060 ya laptopu inaweza kupewa na kiwanda wati 35 au hata 115, kwa hiyo laptopu mbili zenye stika moja zinaweza kuachana mbali. Wati zisipoandikwa kwenye maelezo ya mashine, ziulizwe.

Umri wa kadi hupimwa pia kwa draiva. Nvidia ilitangaza mwaka 2025 kwamba kadi za GTX 900 na GTX 1000 zinapata draiva yake ya mwisho ya michezo mwezi Oktoba mwaka huo, na baada ya hapo ni marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. Hazitazimika. Kwa kazi za kawaida na michezo ya zamani zitaendelea, lakini bei ya kuzinunulia lazima ishuke, na asiye na habari ataendelea kulipa bei ya juzi.

Mpakani, iwe Namanga, Rusumo, Mutukula au Malaba, liko kosa moja ambalo wenye mizigo midogo hulirudia. Cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kile cha mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kadi ya grafiki imetengenezwa Asia, hata kama ilinunuliwa Kariakoo na kulipiwa kodi Dar es Salaam, hivyo cheti hicho hakiihusu, na itapita kama bidhaa ya nje. Ankara iandikwe jina zima la kadi, aina na ukubwa wa memori, ikiwa mpya au iliyotumika, na namba ya siri ya kila moja. "Kadi za kompyuta, 10" humwachia ofisa nafasi ya kukadiria thamani anavyoona, na akikadiria RX 580 2048SP kwa bei ya kadi mpya, mjadala utachukua siku nzima.

Namba hiyo ya siri hubandikwa nyuma ya kadi na kwenye boksi. Zisipolingana, boksi ni la kadi nyingine.